Uzi wa filamu za kuba: tupige anga letu kama linavyoonekana kutoka Dar

#1 Pwani Usiku (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wapiga video, walimu wa sayansi na kila anayependa kuinua macho usiku. Nitauweka kwa vipande maana mambo ni mengi.

Riziki yangu iko kwenye kamera: harusi, matangazo, makongamano. Lakini kilichouteka moyo wangu ni filamu za kuba. Kwa ambaye hajawahi kuiona: picha hairushwi kwenye skrini ya mbele, inarushwa kwenye dari la mviringo linalokufunika kulia, kushoto, nyuma na utosini. Unakaa kwenye kiti kilicholazwa au unajinyoosha kwenye mkeka, taa zinazimwa, na popote unapotupa jicho huoni ukingo wa picha. Ndiyo maana tangu mwanzo kuba na elimu ya nyota vimekwenda pamoja. Mwaka 1923 Walther Bauersfeld, mhandisi wa Zeiss, alionyesha kule Munich mashine ya kurusha nyota ndani ya kuba, na planetaria zote za leo, yaani kumbi za kuonyesha anga, zinatokana na ile. Kwa miaka mingi zilirusha nukta za nyota na sayari tu. Mwaka 1983 mtambo wa Digistar ukaingiza picha za kompyuta, kisha zikaja projekta za video zinazojaza kuba nzima. Hapo ndipo sisi watu wa filamu tulipopata nafasi.

Afrika mambo yapo. Cape Town wana kuba ya kidijitali pale makumbusho ya Iziko, Alexandria wanayo kwenye maktaba yao kubwa, Accra wanayo tangu 2009, na majirani zetu wa Travelling Telescope wamejenga ya mianzi huko Nairobi.

Sasa hoja yangu. Filamu nyingi za kuba zinatengenezwa Ulaya na Marekani, na anga lililomo ndani ni la huko. Msimulizi anamwambia mtoto atafute Nyota ya Kaskazini, na nyota zote zinaizunguka hiyo, juu angani. Mtoto wa Mbagala akitoka nje usiku ule ule haioni, wala hataiona akisubiri mwaka mzima. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, hivyo Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini ya upeo wa macho siku zote. Ncha ya kusini nayo imeinuka nyuzi 7 tu juu ya upeo, na pale hakuna nyota yoyote angavu. Nyota zetu hazizunguki kama pia. Zinapanda mashariki karibu wima, zinapita juu ya vichwa, zinazama magharibi karibu wima.

Na hapa ndipo tulipopendelewa. Katikati ya mwezi Mei, saa tatu usiku, ukitazama kusini unauona Msalaba wa Kusini umesimama. Geuka kaskazini, kundi la nyota la Dubu Mkubwa lipo, kwa wakati huo huo! Mtu wa London hauoni Msalaba. Mtu wa Cape Town anapata shida kumwona Dubu mzima. Sisi tunavyo vyote viwili, kimoja mbele na kingine kisogoni, na hakuna skrini bapa inayoweza kuvibeba pamoja. Kuba inaweza. Mtazamaji anageuza shingo, na kule kugeuza shingo ndiyo filamu yenyewe.

Hiyo ndiyo filamu ninayotaka tuifanye: anga la Dar na pwani yake, kwa Kiswahili, ipigwe kutoka hapa hapa.

#2 Kijana wa Sinza

Mkuu umenigusa. Swali moja: kwa nini usifanye ya miwani ya VR? Si ni kitu kile kile, na huhitaji kujenga chochote?

#3 Pwani Usiku

Mkuu, picha yenyewe inafanana, hata kamera zinaweza kuwa zile zile. Tofauti iko kwa watu. Ukivaa miwani uko peke yako. Ndani ya kuba watoto thelathini wanaona kimondo kwa pamoja na wote wanapiga kelele kwa pamoja, aliyekiona anamwonyesha mwenzake kwa kidole. Nimeshuhudia kwenye kuba ya kupulizwa kwa feni, katika shule moja ya msingi upande wa Temeke. Watoto walianza kwa kunong'ona, Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota za galaksi yetu, ilipojitokeza wakawa wanashikana mikono. Mwalimu wao alikaa chini kwenye mkeka kama wao.

Halafu kuna suala la kawaida tu la matumizi. Miwani moja inakwenda kwa mtoto mmoja mmoja, unaifuta jasho, unaichaji, unamrekebishia mkanda. Darasa la watoto tisini litakumalizia siku nzima.

#4 Mwalimu wa Fizikia

Asante sana mleta uzi. Ninafundisha sekondari na mada ya mfumo wa jua huwa naifundisha kwa ubao na chaki. Wanafunzi wanakariri mpangilio wa sayari lakini ukiwauliza kwa nini mwezi unachelewa kuchomoza kila siku, kimya. Ninauliza mambo mawili. Je, hawapati kizunguzungu? Na hiyo kuba ya feni, umeme ukikatika?

#5 Pwani Usiku

Mwalimu, shikamoo. Naanza na la pili kwa sababu ni jepesi: umeme ukikatika feni inazima na kuba inaanza kulegea polepole. Haiangukii watu kwa kishindo, kitambaa chake ni chepesi, watoto wanatoka kwa utaratibu. Lakini kwa Dar mimi sipeleki kuba mahali bila jenereta au betri ya kutosha kuendesha feni. Feni ndiyo pia hewa ya ndani. Mwezi Februari, joto la Dar unalijua, watu thelathini ndani ya kitambaa kilichofungwa ni mtihani. Vipindi viwe vifupi, dakika kumi na tano hadi ishirini, na vianze asubuhi.

Kizunguzungu kipo, na kinategemea mtengenezaji wa filamu. Macho yanaona dunia nzima inasogea, sikio la ndani linasema umekaa. Vikigombana hivyo viwili, tumbo linachafuka. Kwa hiyo mazoea mengi ya video ya kawaida tunayaacha mlangoni. Kamera haizungushwi haraka. Haiyumbi. Hukati picha kila sekunde tatu kama kwenye muziki, kwa sababu kila ukikata, unamhamisha mtu mwili mzima kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Picha moja inaweza kukaa sekunde ishirini, thelathini, hata dakika, na mtazamaji hachoki maana ana mengi ya kutazama. Kubadili eneo tunafanya kwa kufifisha taratibu, au tunapitia gizani.

Jambo lingine ambalo wapiga video wenzangu huwa hawalitarajii ni weupe. Kuba ni bakuli. Mwanga ukipiga upande mmoja unaruka na kuangukia upande wa pili. Ukiweka picha ya mchana wa ufukweni, mchanga mweupe na anga jeupe, kuba nzima inageuka maziwa na weusi wote unapotea. Ndiyo maana makuba mengi hayapakwi rangi nyeupe kabisa, yanapakwa kijivu. Na ndiyo maana usiku unafaa sana huku: giza nyingi, vinukta vichache vya mwanga.

Kuhusu mwezi kuchelewa, hilo ni somo la kuba haswa. Unawaweka watoto ufukweni jioni jua linapozama, unaruka siku hadi siku saa ile ile. Wanauona mwezi mwandamo chini magharibi, kesho yake umepanda kidogo na kunenepa, keshokutwa zaidi, mpaka siku ya kumi na nne au kumi na tano unachomoza mashariki wakati jua linazama nyuma yao. Kuchelewa kwa dakika hamsini hivi kwa siku kunaonekana kwa macho. Hukuhitaji mchoro.

#6 Fundi 3D

Mkuu mimi natumia Blender, programu ya kuchora picha za 3D, kila siku. Niambie vipimo, nisije nikafanya kazi halafu haifai.

#7 Pwani Usiku

Karibu sana, mtu kama wewe ndiye niliyekuwa namsubiri.

Picha ya mwisho ni duara ndani ya mraba. Katikati ya duara ni utosini, ukingo wa duara ni upeo wa macho pande zote. Kiwango cha kawaida ni pikseli 4096 kwa 4096, kuba kubwa wanataka 8192 kwa 8192. Tunatoa fremu moja moja za picha, hatutoi faili la video, kila kuba inajitengenezea video yake kulingana na projekta zake. Fremu 30 kwa sekunde, wengine 60.

Kwenye Blender tumia Cycles (injini yake ya kuchora picha), kamera ya panorama, aina ya jicho la samaki (mtazamo mpana sana) la masafa sawa, nyuzi 180. Masafa sawa ina maana ukitembea nyuzi kumi kutoka utosini unatembea umbali ule ule kwenye picha popote ulipo. Ukichagua aina nyingine, makundi ya nyota yatavutika.

Sasa fanya hesabu kabla hujakubali. Filamu ya dakika 20 kwa fremu 30 ni fremu 36,000. Kompyuta yako ikitumia dakika 10 kwa kila fremu, hiyo ni saa 6,000, yaani siku 250 bila kuzima. Kwa hiyo 3D tunaitumia pale tu ambapo kamera haiwezi kufika: kuruka kutoka Dar mpaka Zohali, kuingia ndani ya Njia Nyeupe. Hata hapo, jaribu OpenSpace kwanza, ni programu ya bure yenye data halisi za anga, inachora papo kwa papo na inatoa picha ya kuba. Stellarium nayo ni ya bure na ina mtazamo wa jicho la samaki: weka mahali kuwa Dar es Salaam, tarehe unayotaka, na anga liko tayari. ESO, wale wa darubini kubwa za Chile, wameweka vipande vya kuba mtandaoni bure, sharti uwataje tu.

Nyota usizifanye kubwa. Kwenye 4096, pikseli 1 ni karibu dakika 2.6 za arki (dakika 60 za arki ni nyuzi moja), wakati jicho zuri linatenganisha dakika 1. Nukta ya nyota ikichukua pikseli tatu nne, tayari ni kidoa. Acha nyota hafifu zibaki hafifu.

#8 Mdau wa Mbezi

Bila kukuvunja moyo mkuu, hivi hela ya kuba si bora tununue darubini kwa ajili ya shule? Mtoto aone kitu halisi.

#9 Pwani Usiku

Mkuu, hoja yako ni nzito na ninaiheshimu. Darubini ninaipenda, na mtoto aliyeona pete za Zohali kwa jicho lake hasahau mpaka uzee. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa kwa umbo la pete, watu walikusanyika Rujewa kule Mbeya kutazama, na hakuna filamu inayoweza kuchukua nafasi ya tukio lile.

Ila darubini inahitaji usiku, wanafunzi wa kutwa wako nyumbani saa hizo. Inahitaji anga safi, na masika hayakuulizi. Inaonyesha kitu kimoja, kwa mtu mmoja, kwa dakika moja. Kuba inafanya kazi saa nne asubuhi mvua ikinyesha, na inaonyesha anga zima na muda wake. Inamfundisha mtoto aelekee wapi, ili akipewa darubini ajue anatafuta nini. Ningependa shule iwe na vyote, kuba ikija mchana na darubini ikifuata jioni ile ile.

Kuhusu gharama, si lazima projekta yenye lenzi maalumu. Paul Bourke wa Australia alionyesha njia ya kutumia projekta ya kawaida na kioo cha nusu tufe: projekta inapiga kwenye kioo, kioo kinasambaza picha kuba nzima, na programu inapinda picha kabla ili ikitua ikae sawa. Stellarium inaijua njia hiyo. Ukali wa picha unapungua, pembeni hasa, lakini kwa kuba ya shule inatosha kabisa.

#10 Mtu wa Mafia

Kaka, nyie watu wa nyota msisahau bahari. Huku papa potwe wanakuja karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi. Mnyama wa mita nane anapita juu yako. Kwenye simu hata haeleweki ukubwa wake.

#11 Pwani Usiku

Kaka, umetaja kitu ninachokiota! Kwenye kuba potwe anakuwa na ukubwa wake wa kweli, anaingia kutoka nyuma ya kichwa chako na inakubidi ugeuke ili umfuate.

Kuna jambo la fizikia linaloifanya bahari iwe kama imeumbwa kwa ajili ya kuba. Ukiwa chini ya maji umelala chali ukatazama juu, anga zima la nje, kutoka upeo mpaka upeo, linajikusanya ndani ya duara moja la nyuzi 97 hivi juu yako. Nje ya duara hilo unaona uso wa maji kwa ndani, unang'aa na kurudisha picha ya matumbawe ya chini. Mwanga unapinda unapoingia majini, ndiyo sababu. Sasa chukua picha hiyo uirushe kwenye kuba: duara la mwanga utosini, bluu iliyokolea pande zote, potwe anakatiza katikati ya duara na kufunika jua. Bluu haina shida ya weupe niliyoieleza juu. Kamera inahitaji kasha lenye kioo cha mviringo mbele, maana kioo bapa kinabana pembe ya lenzi. Na anayepiga asipige mbizi kumfukuza samaki, akae atulie, potwe mwenyewe atapita. Kumgusa hapana.

#12 Kijana wa Sinza

Mkuu, na za usiku unapiga wapi? Hapa mjini mimi naona nyota za kuhesabu.

#13 Pwani Usiku

Mjini haiwezekani, taa zimeshinda. Mimi nakwenda upande wa Kimbiji, kusini ya Kigamboni. Mwangaza wa jiji unabaki kaskazini magharibi, mashariki ni bahari tupu.

Siri ni kupatanisha mwezi na maji. Pwani yetu, siku za bamvua, maji yanapwa sana asubuhi ya saa nne hivi na tena usiku wa saa nne. Bamvua linakuja mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo. Chukua lile la mwandamo: mwezi umeshazama mapema, giza ni totoro, na saa nne usiku bahari imejivuta mbali, imeacha mchanga wenye vidimbwi. Unaweka kamera katikati ya uwanja huo. Julai au Agosti, kiini cha Njia Nyeupe kiko juu sana upande wa kusini saa hizo, nyuzi karibu 70 kutoka upeo. Kundi la nyota la Nge limejinyoosha zima. Sehemu nyingi za Ulaya wanakiona kiini hicho kikiburuzika chini karibu na miti, sisi tunakipata karibu na utosi.

Lenzi ya milimita 8 ya jicho la samaki kwenye kamera ya fremu kamili, megapikseli 24, inatoa duara la karibu pikseli 4000, kwa hiyo karibu unatimiza kiwango bila kuunganisha kamera nyingi. Sekunde 20 kwa picha, mapumziko 5, narudia. Ukipiga kwa muda wa saa moja unapata picha 144, yaani chini ya sekunde 5 za filamu. Ukipiga kwa muda wa saa nne unapata kama sekunde 19, lakini maji yatakuwa yanarudi, kwa hiyo jua njia ya kutokea kabla hujatega.

Lenzi hii inaona kila kitu. Stendi yenyewe inaonekana miguu. Wewe ukisimama unaonekana. Nalala chini kabisa au naondoka mbali, simu imezimwa mwanga. Taa ya bodaboda iliyo mbali inaharibu picha kadhaa. Na adui mkubwa ni umande: kioo cha mbele kimebinuka, hakina kofia, unyevu wa pwani unatua moja kwa moja juu yake. Nafunga mkanda wa joto unaotumia pawabanki kuzunguka lenzi, na mfuko wa mchanga chini ya stendi kwa sababu ya upepo wa kusi.

#14 Mwalimu wa Fizikia

Na simulizi? Kiswahili chake kiweje? Maana nimeona video za sayansi zilizotiwa sauti ya Kiswahili, zinasikika kama tangazo la benki.

#15 Pwani Usiku

Mwalimu, hapo ndipo ninapotaka watu wa pwani wazee wakae mezani tangu mwanzo, si kuletewa maandishi yaliyokwisha. Mabaharia wetu wana nyota ya Suheli, wana Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana. Wahenga walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ni kanuni ya anga, na kuba inaweza kuionyesha kwa dakika moja. Aprili, masika yanamwagika, Kilimia kinazidi kushuka magharibi baada ya jua kuzama. Mei kinapotelea karibu na jua, hakionekani. Juni kinarudi mashariki kabla ya alfajiri, mvua zimekata, kipupwe kimeingia. Mtoto anaona methali inatokea juu yake.

Msimulizi aongee kama mtu aliyekaa nawe ufukweni. "Geuka huku, upande wa bahari." "Subiri kidogo, kinakuja." Asiseme mambo matatu kwa pumzi moja, na anyamaze mara nyingi. Kwenye kuba sauti inaweza kutoka pande mbalimbali, hivyo kabla ya potwe kutokea unaweka mchakacho wa maji nyuma ya watazamaji, wanageuka wenyewe bila kuambiwa. Maandishi kwenye picha yawe machache na yakae mbele, chini kidogo ya katikati, maana kuba haina mahali pa kuweka maneno kila mtu akayasoma bila kukunja shingo.

Fundi 3D, wewe nianzie na kile kipande cha Mei, Msalaba kusini na Dubu kaskazini, kwa 2048 kwanza tujaribu, tusipoteze muda kwenye 4096 kabla hatujakiona kwenye kuba.

Mwalimu, kama shule yako iko tayari kutujaribia, nipimie ukumbi: upana, urefu, na hasa kimo kutoka sakafuni mpaka kwenye feni za dari, kwa sababu feni ndizo zinazozuia kuba kusimama. Angalia pia kama soketi iko karibu na mlango, na kama madirisha yanaweza kufunikwa.

#16 Mwalimu wa Fizikia

Marahaba. Ukumbi nitaupima Jumatatu. Soketi ipo, ila madirisha ni ya nondo bila pazia, nitaongea na mwalimu mkuu kuhusu turubai. Kidato cha pili wako kwenye mitihani mwishoni mwa mwezi, kwa hiyo tupange baada ya hapo.